Muundi Ukivunjika: Chuma cha Ndani au Chuma cha Nje?

Mama mmoja wa parokia yetu alitusimamisha nje ya kanisa Jumapili moja, baada ya Misa ya kwanza. Mwanawe, kijana wa bodaboda, alikuwa amelazwa wiki ya pili. Lori lilimbana kwenye kona, muundi wa mguu wa kulia ukavunjika na ncha ya mfupa ikatokeza nje ya ngozi. Mama huyo hakutuomba fedha wala dawa. Alitaka kujua jambo moja tu. "Kitanda cha pili yupo mzee aliyevunjika muundi kama mwanangu. Yeye wamemwekea chuma ndani, ngozi imefungwa, na juzi ameanza kutembea kwa magongo. Mwanangu wamemchomeka vyuma vinavyotokeza nje kama antena ya redio. Je, ni kwa sababu sisi hatuna kitu?"

Swali hilo halikuwa la kupitisha muda. Shemeji yake alikwisha tafuta gari la kumtoa kijana hospitali, ampeleke kwa fundi wa mifupa kijijini. Tulimwomba mama awazuie nduguze kwa siku chache, nasi tukaenda kuwauliza madaktari na wauguzi wa wodi ya mifupa, tukasoma na vitabu. Haya ndiyo tuliyoyapata. Tunayaandika hapa kwa sababu siku hizi ni nadra kupata jumuiya isiyo na mtu aliyevunjika muundi.

MFUPA USIO NA BLANKETI

Mguu, chini ya goti, una mifupa miwili. Ule mnene wa mbele ndio muundi, wengine huuita goko, nao hubeba karibu uzito wote wa mwili. Mwembamba wa upande wa nje husaidia kidogo tu. Hebu, msomaji, pitisha kidole chako kuanzia chini ya goti hadi kwenye kifundo cha mguu. Utaugusa mfupa njia nzima. Paja limefunikwa na nyama pande zote, lakini muundi kwa mbele una ngozi tupu, kama mtu aliyelala amefunikwa blanketi upande mmoja.

Kutokana na umbo hilo yanafuata mambo mawili. Kwanza, muundi ukivunjika hutoboa ngozi kwa urahisi kuliko mifupa mingine mirefu, na mfupa ukitoka nje, udongo na vijidudu huingia ndani. Pili, mfupa uliovunjika hupata sehemu kubwa ya damu kutoka kwenye nyama inayouzunguka. Pasipo na nyama, damu ni chache, na pasipo na damu mfupa hauungi upesi. Hasa theluthi ya chini, karibu na kifundo, ndiyo inayowatesa madaktari. Muundi wa mtu mzima uliovunjika bila kidonda kwa kawaida huchukua miezi mitatu hadi mitano kuunga. Wenye kidonda huchukua muda mrefu zaidi, hata mwaka. Kwa hiyo anayewaambia kwamba muundi wa mtu mzima huunga kwa siku 21, msimsikilize.

KABLA YA CHUMA CHOCHOTE

Jambo tulilokwenda kuuliza lilikuwa chuma, lakini karibu kila tuliyemwuliza alianza na maji. Mfupa uliotoka nje unahitaji kuoshwa, tena kwa maji mengi, katika chumba cha upasuaji, na nyama iliyokufa ikatwe yote. Kabla ya hapo mgonjwa apewe dawa ya kuua vijidudu kwa sindano mapema iwezekanavyo, saa ya kwanza ikiwezekana, pamoja na chanjo ya pepopunda. Kuchelewa kwa dawa hiyo huleta usaha ndani ya mfupa, na usaha wa mfupa ni ugonjwa wa miaka. Nyumbani au barabarani sisi tunachoweza kufanya ni kufunika kidonda kwa kitambaa safi, kuufunga mguu kwenye ubao ulionyooka, na kuondoka. Tusipake majivu, mafuta ya taa wala majani. Wala tusijaribu kuusukuma mfupa urudi ndani.

Kuna hatari nyingine ambayo haina kidonda, na kwa hiyo hudanganya. Nyama za mguu chini ya goti zimefungwa ndani ya vifuko vinne vigumu visivyotanuka. Mfupa ukivunjika, damu na uvimbe hujaa humo hadi mishipa midogo ya damu inabanwa. Mgonjwa hulia kwa maumivu yasiyolingana na jeraha, dawa hazimtulizi, na ukimnyoosha vidole vya mguu anapiga ukelele. Hapo hakuna kungoja asubuhi. Baada ya saa chache, kama sita hivi, nyama huanza kufa. Daktari hupasua ngozi na vifuko kwa urefu ili kupunguza mkazo, na kovu lake ni kubwa, lakini mguu unapona. Tunamfahamu binti aliyefungwa vijiti na kamba kwa nguvu na fundi mmoja juu ya mguu uliovimba. Alilia usiku kucha, akaambiwa avumilie. Siku ya nne vidole vilikuwa vyeusi, na hospitali haikuwa na la kufanya ila kukata. Hatusemi kwamba mafundi wote wa mifupa ni wabaya. Wapo wenye mikono ya busara kwa mivunjiko midogo. Lakini kamba iliyokazwa juu ya uvimbe haina busara ndani yake.

Basi, sasa tuje kwenye vyuma vyenyewe, ingawa tuanze na kisicho chuma.

HOGO

Hogo la plasta lina umri wa zaidi ya miaka 170. Daktari wa jeshi la Uholanzi, Antonius Mathijsen, ndiye aliyeeneza bandeji za plasta katika miaka ya 1850, na hadi leo hazijastaafu. Mfupa usio na kidonda, ambao vipande vyake havikuachana sana, unaweza kuunga vizuri kabisa ndani ya hogo. Kwanza huwa refu hadi pajani, na baada ya wiki kadhaa hubadilishwa kuwa fupi la chini ya goti. Katika miaka ya 1960 daktari Augusto Sarmiento, huko Marekani, alionyesha kwamba mtu aliyefungwa hogo fupi lililofinyangwa vizuri chini ya pia ya goti anaweza kukanyaga na kutembea huku mfupa ukiendelea kuunga, na kutembea kwenyewe kunausaidia.

Faida ya hogo ni kwamba hakuna kisu, na pasipo kisu vijidudu havina mlango. Hasara yake ni muda na kukakamaa kwa goti na kifundo. Tena vipande vyaweza kuteleza ndani ya hogo bila mtu kuona, mguu ukaunga umepinda au umekuwa mfupi. Ndiyo maana daktari anasema rudi wiki ijayo kwa picha ya eksirei. Wengi wetu huona nauli ni nzito tukakaa nyumbani, kisha tunarudi baada ya miezi miwili kulalamika. Kwa watoto hogo ndilo tiba ya kwanza karibu siku zote. Mfupa wa mtoto huunga upesi, na karibu na goti kuna tabaka la gegedu linalourefusha mguu, ambalo halitakiwi kutobolewa na chuma kinene cha watu wazima. Mtoto mkubwa akihitaji chuma, madaktari hutumia fito nyembamba zinazopindika, ambazo huingizwa kwa pembeni chini ya gegedu hilo.

BAMBA NA SKRUBU

Njia ya bamba ni rahisi kuielewa kwa yeyote aliyewahi kumtazama seremala. Daktari hufungua ngozi, hupanga vipande kama vilivyokuwa, huweka bamba la chuma ubavuni na kulikaza kwa skrubu. Hakuna njia inayopanga mfupa kwa usahihi kuliko hii. Lakini kumbukeni ile ngozi tupu ya mbele. Ukiifungua ngozi iliyokwisha umia na kuvimba, ukaweka chuma chini yake, kidonda kinaweza kukataa kufunga na bamba likachungulia nje. Tena bamba limekaa ubavuni mwa mfupa, si katikati, na mgonjwa akikanyaga mapema, skrubu hulegea au bamba huvunjika. Kwa sababu hiyo, kwa mvunjiko wa katikati ya muundi bamba si chaguo la kwanza siku hizi. Mahali pake ni karibu na goti au karibu na kifundo, ambapo mfereji wa ndani ya mfupa ni mpana na chuma cha ndani hakipati pa kushika.

Hata hapo karibu na kifundo mambo hayako wazi kama walivyodhani wengi. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2017 uliwalinganisha watu 321 waliovunjika sehemu ya chini ya muundi, nusu wakawekewa chuma cha ndani, nusu bamba. Baada ya miezi sita uwezo wao wa kutumia mguu haukutofautiana kwa kiasi cha kutegemewa.

CHUMA CHA NDANI

Hiki ndicho alichowekewa mzee wa kitanda cha pili. Mfupa mrefu una uwazi katikati uliojaa uboho, kama mwanzi. Mwanzi uliovunjika ukitaka kuuimarisha, waweza kupigilia ubao ubavuni, au waweza kuingiza fito ndani yake. Fito ya ndani imekaa katikati ya uzito, kwa hiyo inagawana mzigo na mfupa wenyewe. Mjerumani Gerhard Küntscher alianza kuwawekea wagonjwa fito ya namna hiyo mwaka 1939 mjini Kiel, kwanza katika paja. Madaktari wa nchi nyingine walipowapokea askari wao waliokuwa mateka wa Wajerumani, walishangaa kuona katika eksirei chuma kirefu ndani ya mfupa.

Kwa muundi, daktari huingiza chuma kupitia chini ya pia ya goti. Ndiyo maana ncha yake ya juu imepindwa kidogo. Fito za zamani zilikuwa zinaacha mfupa uzunguke au ujikunje kama darubini, lakini tangu miaka ya 1970 zikaenea fito zenye matundu. Skrubu hupita katika mfupa, zikaingia tundu la chuma, zikatokea upande wa pili, juu na chini. Hapo mfupa hauwezi kuzunguka. Kidonda cha mbele hakiguswi, na mgonjwa wengi wao huruhusiwa kukanyaga mapema kwa kadiri daktari anavyoona mvunjiko ulivyo.

Tatizo lilikuwa kulipata lile tundu la chini, lililojificha ndani ya mfupa. Katika nchi tajiri hutumia mashine ya eksirei inayoonyesha picha palepale wakati wa upasuaji, na mashine hiyo hospitali zetu nyingi hazina. Mmarekani mmoja, Dk. Lewis Zirkle, aliyewahi kuwa daktari wa jeshi huko Vietnam, alianzisha mwaka 1999 shirika liitwalo SIGN katika mji wa Richland, jimbo la Washington. Chuma chao huja na mkono wa nje wenye matundu yanayolingana na yale ya ndani, hivyo daktari hutoboa kwa keekee na kulitafuta tundu kwa kifaa cha mkononi, bila mashine ile. Vyuma hivyo hutolewa kwa hospitali bila malipo, na hospitali hupata vingine kwa kutuma taarifa na picha za kila mgonjwa. Tanzania ni mojawapo ya nchi zinazovitumia. Kwa hiyo, mama, chuma cha ndani si lazima kiwe cha tajiri.

Chuma hiki nacho kina lawama zake. Kubwa ni maumivu ya mbele ya goti, mahali kilipoingilia. Wengi huyasikia wakipiga magoti, na wengine hawaachwi nayo hata baada ya miaka. Msishangae basi mkimwona mtu amesimama au ameketi wakati wengine wote wamepiga magoti. Lawama ya pili ni kwamba kidonda kichafu kikipata usaha, usaha huo unaweza kupanda na chuma katika urefu wote wa mfupa.

CHUMA CHA NJE

Fremu ya nje, ile ambayo wodini wengi huiita antena, hufanya kazi kwa mbali. Pini nene huchomekwa ndani ya mfupa juu na chini ya mvunjiko, na nje ya ngozi huunganishwa kwa fimbo ya chuma. Raoul Hoffmann wa Geneva ndiye aliyeitengeneza mwaka 1938 kwa namna ambayo mfupa ungeweza kunyooshwa bila kufunguliwa. Uzuri wake ni kwamba haiweki chuma chochote mahali penye uchafu. Kidonda kinabaki wazi kwa kuoshwa na kutazamwa, ngozi inaweza kupandikizwa, na upasuaji wake ni wa muda mfupi, jambo kubwa kwa mgonjwa aliyepoteza damu nyingi. Ubaya wake ni matundu ya pini, ambayo hutoa maji na usaha mara nyingi, na pini zinazolegea. Tena mfupa unaweza kuunga umepinda. Na mwenye nayo hulala vibaya, suruali haimwingii, na watoto humkodolea macho.

Nyumbani matundu ya pini yaoshwe kama wauguzi walivyoelekeza, kwa maji yaliyochemshwa yakapoa na kitambaa safi, kila tundu na kipande chake. Pini ikianza kucheza, au ngozi ikawa nyekundu na yenye joto, mtu arudi hospitali.

Wakati mwingine fremu ni ya muda tu. Kidonda kikitulia katika wiki mbili za kwanza, madaktari huweza kuiondoa na kuweka chuma cha ndani. Pini zikikaa kwa muda mrefu zaidi, hubeba vijidudu kwenda kwenye uboho, na wengi huogopa kubadilisha.

Iko pia fremu ya pete na nyaya nyembamba, kazi ya Gavriil Ilizarov wa Kurgan, Siberia, aliyeianza miaka ya 1950. Hii huweza hata kurefusha mfupa uliopoteza kipande, karibu milimita moja kwa siku. Nchi za Magharibi hazikuijua vema hadi mwaka 1980, pale mpanda milima wa Italia, Carlo Mauri, alipokwenda Kurgan na muundi uliokuwa umemsumbua kwa miaka mingi, akarudi kwao anatembea. Madaktari wa Italia hawakuamini waliyoyaona.

NANI ALIMSHINDA MWENZAKE?

Ubishi huu haukuamuliwa Ulaya tu. Katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, Dar es Salaam, madaktari wetu pamoja na wenzao wa California waliwachukua watu wazima 240 waliovunjika muundi kwa kidonda. Vidonda vikubwa mno, ambavyo ngozi haikuweza kufungwa, havikuingizwa. Kwa kura, wengine wakawekewa chuma cha ndani na wengine fremu ya nje. Mwaka mmoja baadaye, 221 walikuwa bado wanafuatiliwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020.

Waliofariki, au waliohitaji kurudi kupasuliwa kwa sababu ya usaha, kupinda au kutounga, walikuwa 18 katika kila 100 upande wa chuma cha ndani, na karibu 22 katika kila 100 upande wa fremu. Tofauti hiyo ni ndogo, yaweza kuwa ya bahati tu. Usaha wa ndani haukuzidi upande wowote. Ila waliowekewa chuma cha ndani mifupa yao ilinyooka zaidi, na wiki za mwanzo walijisikia vizuri zaidi. Ulipotimia mwaka, hali ya maisha ya pande zote mbili ilikuwa imelingana.

Sisi tusio waganga tunasoma hivi: kwa kidonda kidogo kilichooshwa vizuri, chuma cha ndani kina nafuu, nasi tungekichagua kwa ndugu yetu. Lakini fremu ya nje si adhabu, na mwenye kidonda kikubwa hana haja ya kumwonea wivu jirani. Yule mzee wa kitanda cha pili, tulipouliza, mfupa wake haukutoka nje kabisa. Aliteleza shambani. Muundi wa kijana ulikuwa na kidonda cha kuingia ngumi, chenye mchanga wa barabarani ndani yake. Madaktari walimwosha mara tatu kabla ya kuthubutu kupandikiza ngozi. Kumpigilia chuma ndani siku ile kungekuwa kuzika uchafu ndani ya uboho.

Hata hivyo tuna neno kwa wanaotibu. Mama huyu alikaa siku kumi na mbili kando ya kitanda bila mtu kumweleza hayo. Dakika tatu zingemwondolea mawazo ya kwamba mwanawe anabaguliwa, na shemeji asingetafuta gari. Nasi tulio na wagonjwa tuulize bila woga: Mfupa ulitoka nje au la? Chuma hiki ni cha muda au cha mwisho? Nianze lini kukanyaga, na kwa uzito kiasi gani? Picha ya pili ni lini? Na kama mgonjwa anavuta sigara, aambiwe waziwazi kwamba moshi unachelewesha muundi kuunga.

Kijana hakutolewa hospitali. Aliruhusiwa mwezi wa pili akiwa na fremu yake, na mama akawa anaosha pini asubuhi kabla ya kwenda sokoni. Katika mwezi wa sita picha ilipigwa kutoka mbele na kutoka ubavuni. Picha hizo mbili huonyesha pande nne za mfupa, na madaktari huhesabu mfupa umeunga wakiona pande tatu kati ya hizo zimevukwa na mfupa mpya. Yeye alikuwa na pande tatu. Fremu ilifunguliwa palepale wodini bila nusu kaputi, akafungwa hogo fupi, na tulipomwona mara ya mwisho alikuwa na gongo moja, akibishana na mama yake kuhusu kurudi kwenye pikipiki.